Nyota Mbili za Soipan

Soipan na mume wake Koinet waliishi katika nyumba ya kupanga mjini Kitengela. Koinet alikuwa muuza maziwa. Kila asubuhi alienda kwa mama yake kule Kisaju, akayaleta maziwa mjini kwa pikipiki. Soipan naye alifanya kazi kwa kompyuta. Wateja walimtumia sauti zilizorekodiwa, akazisikiliza na kuandika kila neno. Wateja hao aliwapata kwenye mtandao wa kazi. Hakuwahi kuonana nao ana kwa ana.

Koinet alijivunia sana kazi ya mke wake. Soipan akianza kusikiliza sauti, Koinet alimchukua mtoto wao mdogo, Simel, wakaenda kuangalia kuku wa jirani ili nyumba itulie.

"Mke wangu ana masikio ya swala," aliwaambia watu waliokuja kununua maziwa. "Hakuna neno linalompita."

Kwenye mtandao huo, kazi ikiisha, mteja hutoa nyota. Nyota tano maana yake ameridhika kabisa. Nyota moja maana yake amekasirika. Pia huandika maoni machache, na kila mtu anaweza kuyasoma. Soipan alikuwa amezoea nyota tano.

Kisha siku moja alifungua kompyuta akakuta nyota mbili. Chini yake mteja aliandika: "Anaandika vizuri. Lakini alichelewa, na hakuniambia lolote. Nilimtafuta nikamkosa."

Soipan alihisi uso ukimchoma. Ni kweli alichelewa. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, taa zimezimika na kompyuta haiwaki. Kila saa alidhani itarudi, na kila saa aliona aibu zaidi kumwandikia mteja. Basi alinyamaza. Stima iliporudi, alimaliza kazi akaituma bila neno.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Aliomba kazi hii, hakujibiwa. Akaomba ile, kimya. Watu walikuwa wakiona zile nyota mbili, wanapita. Soipan akapoteza raha. Hata chai alikuwa akiisahau mpaka inapoa.

Koinet hakuweza kuvumilia kumwona hivyo.

"Mama Simel, nimepata dawa," alisema jioni moja. "Niko na marafiki wengi. Melvin atajiandikisha kama mteja, akupe kazi ya uongo, halafu akupe nyota tano. Na wengine pia. Hizo mbili zitafunikwa kabisa!"

Soipan alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Lakini moyoni alianza kulifikiria jambo hilo. Pia alitaka kumjibu yule mteja. Alianza kuandika: "Wewe hujui maisha ya huku kwetu. Una roho mbaya..."

Hapo mlango ukabishwa. Alikuwa Nyakio, jirani yao, mama wa Njogu. Nyakio alifanya kazi za mtandaoni kwa miaka mingi, na Jumamosi aliwafundisha vijana kazi hizo katika ukumbi wa kanisa.

"Supa, Mama Njogu," Koinet alimsalimu. "Karibu chai. Ingia utusaidie. Mke wangu amechafuliwa jina."

Nyakio aliketi, akasoma maoni ya mteja. Kisha akasoma jibu ambalo Soipan alikuwa ameanza kuandika.

"Hili hujatuma?"

"Bado."

"Asante Mungu. Sasa niambie, mama. Huyu mtu amesema uongo?"

Soipan alitikisa kichwa. "Hapana. Lakini stima ilipotea! Ningefanya nini?"

"Stima si kosa lako," Nyakio alisema kwa upole. "Lakini yeye angejuaje? Yuko mbali. Alichoona ni kimya tu. Labda alidhani umetoroka na kazi yake. Ungemwandikia kwa simu, 'Stima imepotea, naomba unisubiri,' pengine angekuelewa."

Koinet akaingilia. "Na ile dawa yangu ya nyota?"

"Baba Simel, nakuuliza. Ukiongeza maji kwenye maziwa, mtungi unajaa?"

"Unajaa. Lakini wateja watajua, na hawatarudi."

"Basi nyota za uongo ni maji hayo. Ni kinyume cha sheria za mtandao. Wakigundua, wanafunga akaunti yake, na zile nyota zote alizozitolea jasho zinapotea."

Koinet alijikuna kichwa. "Pole, Mama Simel. Nilikuwa nakupenda tu vibaya."

Wote watatu wakacheka.

"Hatuwezi kumlazimisha mteja abadilishe maoni," Nyakio aliendelea. "Lakini mtandao huu unakuruhusu kumjibu. Na jibu lako halisomwi na yeye peke yake. Anayetaka kukupa kazi kesho atalisoma pia. Atataka kujua wewe ni mtu wa aina gani ukikosea."

Soipan alifuta yale maneno makali. Aliandika polepole, akifuta na kuandika tena, huku Simel amelala mapajani mwa baba yake. Mwisho akasoma kwa sauti:

"Asante kwa maoni yako. Ni kweli nilichelewa. Stima ilipotea, lakini nilipaswa kukuambia mapema, na sikufanya hivyo. Samahani kwa usumbufu. Sasa nimeweka simu yangu tayari ili niwaarifu wateja tatizo likitokea."

"Hapo sasa!" Nyakio alisema. "Tuma. Kisha omba kazi ndogo ndogo, uzifanye vizuri. Jina halijengwi kwa siku moja."

Haikuwa rahisi. Kazi za kwanza zilikuwa fupi, na Soipan alizifanya kwa makini kama mtihani. Mteja mmoja akampa nyota nne, mwingine tano. Kisha akaandikiwa na mwanamke aitwaye Kisemei. Kisemei alikuwa amerekodi akina mama wazee wa Kajiado wakisimulia maisha yao kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimaa, lugha ya Wamaasai, akampa Soipan kazi ya kuyaandika.

Kazi ikiwa katikati, Simel alishikwa na homa kali. Soipan na Koinet walimkimbiza kliniki. Wakiwa kwenye foleni, Soipan alimpa Koinet mtoto, akatoa simu.

"Dada Kisemei, mtoto wangu ni mgonjwa. Niko kliniki. Nusu ya kazi iko tayari, nitakutumia tukifika nyumbani. Naomba siku mbili zaidi kwa iliyobaki."

Jibu lilikuja kabla hawajaitwa kwa daktari: "Pole sana. Mwangalie mtoto kwanza. Nitasubiri."

Simel alipona. Kazi ikaisha, ikatumwa siku waliyokubaliana.

Maoni yalipofika, Soipan aliogopa kuyafungua. Koinet akachukua kompyuta, akayasoma kwa sauti, polepole, akilifuata kila neno kwa kidole:

"Nyota tano. Kabla ya kumpa kazi, nilisoma lawama aliyopewa zamani. Nikasoma na jibu lake. Jibu lile ndilo lililonifanya nimchague. Na sasa nimejua alikuwa anasema kweli."

Koinet aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nisome tena?" aliuliza.

"Soma, Baba Simel," alisema Soipan. "Soma polepole."