Klipu Kumi na Moja za Mama Mkubwa

Walianza kwa kugombana, tena mbele za watu. Ilikuwa Jumamosi mchana kwenye duka la vifaa vya kompyuta, foleni imejipinda mpaka mlangoni, na dada mmoja mhariri wa video, shati jeupe amelikunja mikono, alikuwa amesimama nusu saa akisubiri kununua diski ya nje. Mara kaka mrefu mwenye begi la kamera akaja akasimama mbele yake.

"Samahani kaka, sisi wengine hapa ni mapambo?"

"Nilikuwa hapa, dada yangu. Nimemshusha bibi mmoja ngazi, nimerudi."

"Bibi gani? Mimi sijaona bibi."

Yule kaka akacheka. "Basi pita tu. Nikibishana na wewe duka litaungua. Wewe ni kiberiti kabisa!"

Jina likamganda. Haikupita miezi miwili, Kiberiti na huyo mpiga picha, ambaye naye alibandikwa jina la Mpole, hawakuweza kulala bila kupigiana simu. Wakaanza hata kufanya kazi pamoja. Mama mkubwa wake Kiberiti, mkunga aliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa anastaafu, na Kiberiti alitaka filamu ya dakika ishirini ionyeshwe kwenye hafla ya kumuaga. Mpole akapiga picha, yeye akahariri. Miezi mitatu hiyo.

Siku ya hafla, saa mbili asubuhi, Kiberiti akafungua kompyuta aitazame kazi mara ya mwisho kabla ya kuitoa iwe faili moja la kuonyeshwa. Skrini nzima ilikuwa nyekundu. Kila klipu imeandikwa: faili halipatikani.

Akachomoa diski, akaichomeka tena. Akafunga programu, akaifungua. Nyekundu ileile. Na jana yake diski hiyo ilishinda kwa Mpole, akairudisha jioni huku anatabasamu.

Akapiga simu.

"Umefanya nini kwenye diski yangu?"

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Usiniulize nimeamkaje! Umefanya nini?"

"Nilikupangia tu. Folda zako zilikuwa vurugu tupu, nikazipa majina yanayoeleweka."

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka kukusaidia, Kiberiti wangu..."

"Kusaidia! Unaingia kwenye kazi ya mtu na viatu vyako, unavuruga, halafu unangoja kushukuriwa. Umenifutia kazi ya miezi mitatu!"

"Sijafuta kitu. Nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Wewe ni mwongo tangu siku ya kwanza!"

Mpole akasema taratibu, "Kama mimi ni mwongo, basi sina la kukuambia." Akakata.

Kiberiti akaitupa simu kitandani. Alilia kwa hasira, akanawa uso, akarudi kitini. Akabofya klipu ya kwanza kuangalia programu inaitafuta wapi. Inaitafuta kwenye folda iitwayo "Mama". Akafungua diski: hakuna folda hiyo. Palikuwa na "Kliniki", "Nyumbani" na "Wazazi", na ndani yake mafaili yamejaa, mazima. Kumbe programu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama! Akaionyesha faili moja lilipo sasa, na mengine ya folda ile yakajiunga yenyewe. Akafanya hivyo folda kwa folda, wekundu ukipungua.

Hakuna kilichofutwa. Neno lile "mwongo" likamrudia, likamchoma.

"Lakini bado hakuwa na haki ya kugusa!" akauambia ukuta.

Zikabaki klipu kumi na moja, nyekundu. Ni zile ambazo mama mkubwa, kwa mara ya kwanza maishani, alisimulia habari za mtoto wake mwenyewe aliyezaliwa hana uhai, na kwa nini siku arobaini baadaye alirudi kazini kuzalisha wenzake. Alipomaliza kusimulia siku ile alisema, "Nimesema mara moja. Sitasema tena." Kiberiti akayatafuta mafaili yale kwa majina, diski nzima. Hayamo. Saa nne na nusu, na filamu ilikuwa ionyeshwe saa nane.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Nisamehe kwa kukuita mwongo. Sikupaswa kusema vile. Kwa hayo mengine bado nimekukasirikia."

"Nimesikia."

"Zile kumi na moja za mama mkubwa ziko wapi?"

"Kwenye laptopu yangu. Feni ya pale tulipomrekodi ilikuwa inaunguruma kuliko sauti yake. Nilizihamisha nizisafishe sauti. Nimekuletea."

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwako. Nimekaa kwenye ngazi dakika ishirini naogopa kubisha."

Akafungua mlango. Mpole alikuwa ameikumbatia laptopu kifuani, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ushangae."

"Nimeshangaa! Umefurahi?" Akampisha aingie. "Kazi yangu haiguswi bila mimi kujua. Si kwa wema, si kwa mapenzi."

"Nimekosa," akasema, bila mzaha safari hii. "Sitarudia."

Wakakaa bega kwa bega, wakaunganisha klipu moja moja. Ya mwisho iliporudi, Kiberiti akaicheza. Feni haikusikika kabisa. "Wangu hakulia," ilisema sauti ya mama mkubwa, karibu mno, kama yuko chumbani. "Ndiyo maana wa wenzangu wakilia, mimi nafurahi." Kiberiti akaushika mkono wa Mpole, akaubana mpaka ukamuuma.

Ukumbini mama mkubwa alivaa gauni la kijani na hereni ndogo za lulu. Yalipofika maneno yale, wauguzi wenzake walitoa leso. Taa zilipowashwa alimkumbatia mwanawe wa kulea kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mpole kuanzia juu mpaka chini.

"Na huyu kijana ni nani wako hasa? Maana kila ukimtaja unafoka."

"Ni mchumba wangu," Kiberiti akasema kwa ukali, kama anayejibu tusi.

Mpole akapaliwa na soda. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una kipingamizi?"

"Sina," akasema huku anakohoa. "Sina hata kimoja!"

Na mama mkubwa, machozi ya filamu hayajamkauka mashavuni, akaangua kicheko mpaka ukumbi mzima ukageuka.