Wa Arobaini na Moja

Darasa la chumba cha kona lilikuwa na wanafunzi arobaini, lakini rejista ya mwalimu ilikuwa na mistari arobaini na moja. Mstari wa chini kabisa haukuwa na jina. Ulikuwa na tiki tu, tiki, tiki, tiki, mwaka mzima, yaani mwenyewe hajawahi kukosa hata siku moja.

Nani alijali? Siku ile ya kuagana watu walikuwa hoi kwa kicheko.

Pale shuleni kulikuwa na mtindo wao. Wanaomaliza wanawarithisha vitu wale wanaokuja kuchukua chumba chao. Si vitu vya maana, vituko tu. Yule mrefu wa timu ya mpira alimwachia mfupi kuliko wote suruali yake, ikamfika kifuani. Dada mmoja mchelewaji aliacha saa ya ukutani isiyo na mishale. Kiranja wa usafi aliacha soksi moja, imefungwa ndani ya mifuko mitatu, na bado watu walifungua madirisha. Sheria ilikuwa moja tu: ukipewa unapokea mbele za watu, hukatai.

Ikafika zamu ya Kasuku. Jina hilo alipewa kwa kuigiza sauti za watu. Mwenzake akitoroka, Kasuku ndiye anamwitikia kwenye rejista, na hakuwahi kukamatwa. Alimwita mbele Redio, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzima, akampa kiboksi cha kiberiti. Ndani kulikuwa na kikaratasi kimeandikwa 41.

"Mdogo wangu," Kasuku alisema, uso mkavu, "mimi naondoka, kazi nakuachia wewe. Mwalimu akimaliza arobaini atasita kidogo. Hapo itikia 'nipo'. Kila siku. Usinyamaze hata siku moja."

"Na mshahara je?"

Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko.

"Basi nimepokea," Redio akasema, akainama kama waziri.

Kasuku peke yake hakucheka. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Redio alikipeleka kituko kile nyumbani, kama alivyokuwa anapeleka kila kitu. Aliishi na bibi yake, wawili tu, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Macho ya bibi yalikuwa yamefunga mwaka wa nne sasa, miguu nayo imegoma, kutwa yuko kitandani. Dunia yote ilikuwa inamfikia kwa mdomo wa Redio: mwalimu kasema hivi, muuza mkaa kagombana na mke wake vile, na sauti zao zote humo humo.

"We mtoto," bibi alikuwa anamwambia, "mimi mkono wako siujui, uso wako nimeshausahau. Nakujua kwa hiyo kelele yako. Usije ukaninyamazia."

"Ninyamaze niende wapi, bibi?" Redio alikuwa anajibu, anacheka. Lakini maneno yale yalikuwa yanamwingia. Hakuna kitu alichokiogopa kama siku bibi atamwita, halafu asimpate.

Muhula ukafunguliwa, wakahamia chumba cha kona. Mwalimu wa darasa alikuwa mzee wa miwani minene, anaita namba badala ya majina, kichwa hakiinui.

"Arobaini."

"Nipo."

Akasita. Kalamu iko hewani. Redio, namba yake mwenyewe kumi na saba na ameshaiitikia, akabana pua. "Nipo."

Mwalimu akaweka tiki, akafunga rejista. Watu waling'ata mikono ya mashati wasicheke.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili ikaja harufu. Nywele zilizoungua, na juu yake chaki iliyolowa. Ilitoka dawati la nyuma ya Redio, ambalo halikuwa na mtu. Jirani yake wa dawati, waliyemwita Ndimu kwa jinsi anavyokunja uso, akasema kuna panya kafa. Wakatafuta panya, hakuna. Redio akaweka kiganja kwenye kiti cha dawati lile. Kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyekaa sana na kuinuka sasa hivi.

Siku iliyofuata alipoitikia "nipo", kiti kile kililia nyuma yake, kama mtu mzito anajiweka vizuri.

"Umesikia?" alimnong'oneza Ndimu.

"Mbao hizo, zinakauka. Acha woga."

Redio akaamua basi, hasemi tena. Hapo ndipo alipoharibu.

Kesho yake mwalimu alimaliza arobaini, akasita, na Redio akaubana ulimi kwa meno. Darasa likasubiri kituko chake. Mwalimu naye akasubiri, kalamu hewani, kwa muda ambao haukuwa wa kawaida, mpaka inzi wa dirishani akasikika, na ndipo kutoka kwenye dawati la nyuma, polepole, kwa sauti ya Redio mwenyewe, ile ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, ikasemwa, "Nipo."

Watu wakacheka. Ndimu akampiga kiwiko. "Leo umefanyaje? Mdomo haujacheza hata kidogo."

Redio alikuwa bado ameubana ulimi, na damu anaionja.

Tangu siku hiyo sauti ikaanza kumkatika. Kwanza kama mafua, halafu kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Bibi akawa anauliza mara mbili mbili, "Umesemaje, mjukuu wangu?" Siku ya tatu, namba kumi na saba ikaitwa, Redio akaitikia kwa nguvu zake zote, na mwalimu akaandika kwamba hayupo.

"Redio betri zimekwisha," Ndimu akasema, lakini hakuwa anatania sana.

Mchana ule ule Redio aliruka ukuta, akaenda karakana ya kuchomea vyuma ambako Kasuku alikuwa amepata kibarua. Kasuku alipomwona akazima mashine.

"Ulinyamaza," alisema chini chini, kabla hajaulizwa.

"Niliogopa, kaka," Redio alinong'ona. "Kile ni kitu gani?"

"Jini. Mimi nilirithishwa, na aliyenipa alirithishwa. Ukimwitikia, anakaa pale darasani, hana shida na mtu. Ukinyamaza anajiitikia mwenyewe, na yeye sauti hana. Ya karibu ndiyo anachukua."

"Mchukue. Nakurudishia."

"Harudi. Anatoka kwa anayeondoka kwenda kwa anayebaki, na lazima watu wawe wanacheka."

"Kwa nini mimi?"

Kasuku akaangalia buti zake. "Nilijua huwezi kunyamaza." Akainua macho. "Sauti imebaki kiasi gani?"

Redio akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

"Basi darasani hayupo tena," Kasuku alinong'ona, akarudi nyuma hatua moja. "Sauti ikishahamia kwake yote, anaipeleka kule inakopendwa."

Redio alikimbia, akaacha begi, akaacha kiatu kimoja kwenye mtaro, akapita kati ya watu wanaonunua nyanya na watu wanaobishana mpira juani, akiwashika mikono wamsaidie na wao wakidhani ni mwizi au kichaa, mpaka akafika kwenye korido ya nyumba yao, na kabla hajashika mlango akaisikia harufu ya nywele zilizoungua, na ndani bibi anacheka, anacheka kama hajacheka mwezi mzima, kwa sababu kuna mtu anamwigizia muuza mkaa, na anamwigizia vizuri kuliko Redio alivyowahi.

Akaingia. Pembeni ya kitanda hapakuwa na mtu. Godoro tu ndilo lilikuwa limebonyea. Redio akapiga magoti, akaushika mkono wa bibi, akauvuta uje kwenye uso wake uliolowa machozi.

"Nani huyu?" bibi akashtuka. "Mbona ananilowesha?"

"Usimshike, bibi," sauti ya Redio ikasema kutoka pale palipobonyea, taratibu kabisa. "Ni bubu mmoja anazunguka mtaani. Ana upele. Nafikiri anataka maji."

Bibi akauchomoa mkono wake, akaufuta kwenye shuka.

"Maskini," alisema. "Mpe basi, mjukuu wangu, anywe aende."

Kikombe kikanyanyuka mezani, kikavuka chumba, kikasimama mbele ya mdomo wa Redio bila kumwaga tone.