Fundi Taratibu na Rundo la Chipu

Sikilizeni, wenzangu mnaoishi na wazee ndani ya nyumba, na nyinyi mtakaokuja kuishi nao. Mambo haya hayako mbali na kizingiti cha mtu yeyote.

Saa kumi jioni, chumba cha mbele cha Fundi Taratibu kilikuwa na sauti mbili tu: cherehani ikipita juu ya suruali, na baba yake akihesabu. "Moja... mbi... li..." Mzee alikaa dirishani, mpira laini kwenye kiganja cha kulia, akijikaza kuufinya. Alikuwa mchora mabango kwa miaka arobaini. Karibu kila duka mtaani lilikuwa na herufi zake, na hakuwahi kutumia rula. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia ulimi mzito, mguu wa kuchechemea, na mkono wa kulia uliolala kama si wake.

Lakini mkono ulianza kurudi. Wiki ya tatu, kidole gumba kilicheza. Taratibu akaiacha suruali ya watu chini ya sindano, akapiga ukelele hadi mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kimeitika! Kidole gumba kimeitika!"

"Mwenzangu, utaniua kwa presha! Nimedhani nyumba inaungua," mkewe alisema, na huku machozi yanamlengalenga. Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikuwa amewaachia karatasi yenye miraba. "Asubuhi mara moja, jioni mara moja," aliagiza. "Mkimaliza, wekeni alama hapa. Miezi hii ya mwanzo ndiyo mkono unasikia. Ukiuacha, vidole vitakakamaa, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Nitarudi baada ya wiki kumi na mbili."

Mke alifundisha shule kutwa, kwa hiyo kazi ikawa ya mume, aliyeshona nyumbani. Na nani angefaa zaidi? Watu walimwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakisha mshono hata bwana harusi akimlilia mlangoni.

Basi shetani hakuja na pembe, alikuja na suruali ya kupunguzwa. Dereva wa lori, akisubiri pindo lake, alimwonyesha mchezo wa karata kwenye simu, ule unaoitwa poka. Mnaanza wengi shindanoni, kila mmoja na chipu sawa, yaani vipande vya kuwekea dau. Chipu zenyewe si fedha, hazinunui hata sindano, lakini zikikuishia umetolewa, na anayezikusanya zote ndiye mshindi.

Siku za kwanza Taratibu alitolewa mapema mno. Dereva alimcheka: "Fundi, hata chai yangu haijapoa!" Kicheko kile kilimchoma. Akaamua kujifunza, na fundi ni fundi, jamani. Alijifunza kutupa karata mbovu bila uchungu. Akajua kwamba anayecheza mwisho huwa ameshaona wenzake walivyofanya, basi hapo ndipo pa kuchukua chipu chache zilizokosa mwenyewe. Akajua pia kwamba watu wakikaribia nafasi za ushindi huingiwa na woga wa kutolewa, na mwenye rundo kubwa akiwabana, wanaachia. Haba na haba hujaza kibaba, alijiambia, na kweli rundo lake likawa linakua wiki hadi wiki.

Najua mnangoja niseme aliuza cherehani. Hakuuza. Alicheza mashindano ya bure, hakupoteza hata senti, wala suruali ya mtu haikuchelewa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Tatizo ni kwamba shindano halimsubiri mtu. Ukiondoka mezani, kila zamu ikikufikia unakatwa chipu za lazima, kidogo kidogo, mpaka kiti chako kibaki kitupu. Na shindano alilolipenda lilianza saa kumi kamili.

"Baba, dakika tano tu. Namalizia hii."

Mzee aliinua mkono wa kushoto, kama kusema, "Haya." Siku moja mpira ulimponyoka ukabingiria chini ya cherehani. Mzee hakuweza kuinama. Taratibu aliuona, tena aliuona vizuri, akasema moyoni atauokota mzunguko huu wa karata ukiisha. Mpira ulilala pale siku mbili. Maskini mzee!

Jioni mke akirudi aliuliza, "Mazoezi mmefanya?" Mara ya kwanza Taratibu alifungua mdomo, lakini baba yake akamtangulia, akatikisa kichwa kukubali. Taratibu aliona aibu. Mara ya pili aliona nafuu. Baada ya hapo hakuona kitu.

Wiki ya kumi na mbili ikatimia. Siku hiyo Taratibu alikuwa amefika meza ya mwisho, ana rundo kubwa kuliko wote, jambo lisilowahi kumtokea. Mara, "Hodi humu!" Mtaalamu akaingia, akamwamkia mzee, akanyoosha mkono. "Leta ile karatasi."

Taratibu aliichukua mezani akampa, macho yakiwa kwenye simu.

Hatimaye aliinua uso. Upande wa mbele ulikuwa na alama za wiki tatu, kisha miraba mitupu hadi chini. Mama yule aliigeuza karatasi. Nyuma palijaa mwandiko mzuri wa penseli ya fundi, maana karatasi ile ndiyo iliyokuwa karibu alipohitaji pa kuandika mbinu zake. Akasoma kwa sauti:

"'Nisiharakishe. Kidogo kidogo, kila zamu. Nisikose hata siku moja. Kilichopotea mwanzoni hakirudi kirahisi.'" Akaishusha karatasi. "Mwanangu, haya ndiyo niliyokuja kukuomba. Kumbe yote uliyajua."

Mama aliinama, akajaribu kuvifungua vidole vya mzee. Vilikuwa vimejikunja vikawa vigumu, na mzee akaguna kwa maumivu. Mama akajaribu tena, pole pole, kisha akauweka mkono ule mapajani mwa mzee.

"Tutaanza upya," alisema. "Maumivu tutayapunguza. Ila brashi sitamwahidi."

Taratibu alipiga magoti mbele ya kiti. Simu ililia mezani, hakuitazama. "Baba, nisamehe. Mbona hukuniambia? Mbona hukunisemea kwa mke wangu?"

Mzee alihangaika na ulimi wake mpaka maneno yakatoka. "Ulisema... dakika tano," alijibu. "Nikangoja."

Taratibu alilia kama mtoto, na kilio hakikufungua kidole hata kimoja. Siku hizi saa kumi inamkuta ameshika mkono wa baba yake, na karatasi mpya ina alama kila mraba. Vidole vimelegea kiasi cha kushika taulo. Brashi, hapana. Mabango yake mtaani yanapauka mwaka hadi mwaka, na wenye maduka wakimuuliza Taratibu ni lini mzee atakuja kuyapaka upya, anaangalia chini na kupita.

FUNZO

Ndugu zangu, si kila mchezo unaovunja nyumba huanza kwa kuvunja mfuko. Kuna wizi wa muda na uangalifu, na mwizi wake hufichwa na yule yule anayeibiwa, kwa sababu anampenda. Uvumilivu wako mpe kwanza anayekungoja. Shindano la karata lipo kesho, na keshokutwa litakuwapo. Mkono wa mzazi una siku zake, zikipita zimepita. Ukijisikia unasema "dakika tano", nyanyua macho kwanza uone unamwambia nani.