Salamu Kila Sekunde Kumi

Mashine ya mtandao ya jengo la zamani ilikuwa imezimwa. Fundi wa mtandao wa hospitali aliing'oa mwenyewe, akaiweka juu ya kabati ofisini kwake na kuuviringisha waya wake wa umeme. Hata hivyo Jumatatu asubuhi mashine kuu ilionyesha kwamba jirani yake wa jengo la zamani yupo, mzima, na anasalimia.

Mashine hizi huishi kwa salamu. Kila sekunde kumi, mashine moja humsalimia jirani yake na kutoa neno la siri, isiyolijua haijibiwi. Jengo lile halikuwa na waya wa kufika kwenye mashine kuu. Mke wa fundi, aliyekuwa fundi mwenzake, alilipitishia njia katikati ya mtandao wa famasi, kana kwamba waya upo. Njia hiyo aliiita kiungo hewa. Neno la siri alilichagua yeye, akamwambia mumewe peke yake. Sasa mke huyo alikuwa na wiki ya sita kaburini.

"Shemeji, usinicheke," mfamasia alimnong'oneza fundi. "Kuna mtu anapita famasi."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Nasikia nyayo. Anaingia mlango huu, anatokea ule, hasimami. Ananukia mafuta ya waridi ya marehemu."

"Dawa zote hizi, na wewe hujimezei hata moja ya usingizi?"

Mfamasia hakucheka. Alimpa karatasi iliyofika kwa kupitia kiungo kile. Ilikuwa oda ya dawa ya mtoto wa miaka minne, na kipimo kilikuwa cha marehemu, kile cha siku zake za mwisho.

"Nilishaimimina kwenye kikombe, shemeji. Mungu tu ndiye aliyenishika mkono."

Siku hiyo hiyo fundi aliweka neno jipya. Kwa desturi ya kazi, neno la zamani huachwa kando ya jipya mpaka mashine zote zihamie jipya, kisha hufutwa. Mashine zote zilihama kabla ya adhuhuri. La zamani, lile la mkewe, hakulifuta. Alifunga mlango, akakaa akizitazama salamu za jengo la zamani zikija.

Siku ya tatu ikaja oda nyingine, ya mtoto yule yule. Mfamasia akampigia simu mama mkwe wa fundi, mwanamke wa sala ambaye watu humwita awasomee dua wagonjwa wao.

"Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii," alisema mama mkwe akiwa bado mlangoni mwa ofisi ya fundi. "Huyo si yeye."

"Mama, analijua neno letu."

"Jini husikia tunayonong'onezana vitandani. Anayerudisha wafu ni Mungu peke yake, na hajarudisha. Unataka mtoto wa mwenzio afe ili wewe usalimiwe? Lifute neno hilo, baba."

Akaanza kusoma, na fundi akaweka vidole kwenye vitufe, na harufu ya waridi ikaingia kwa chini ya mlango, ikapanda miguuni mwake, ikafika shingoni palepale mkewe alipozoea kuegemeza paji la uso akisoma kompyuta naye, na kule famasi mfamasia akasikia nyayo zikiingia, zikifika katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza zikisimama, na fundi akasema, "Nisamehe, mke wangu," akafuta.

Harufu ilikatika. Jirani alitoweka kwenye kioo cha kompyuta. Kisha mstari mmoja ukaandikwa, na baada ya sekunde kumi, mwingine.

"Hiyo inasema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Salamu imekataliwa. Yuko nje, mama. Anabisha hodi, hafunguliwi."

"Hawezi kuingia tena?"

"Hawezi."

"Alhamdulillahi," alisema mama mkwe, akaketi, akaanza dua upya tangu mwanzo. Mistari iliendelea kushuka. Ulipofika wa saba, fundi aligeuka kumtazama mama mkwe, akaona midomo yake imeacha kusoma. Kila mstari ulipotokea, ilikuwa ikiitikia salamu.