Shule ya Upande wa Pili

Tecla alichuma chai asubuhi hiyo, na alichuma vibaya. Majani magumu yaliingia kikapuni pamoja na yale mazuri. Akili yake ilikuwa kwa Chelimo, kifungua mimba wake, aliyekaribia kuanza gredi ya kwanza.

Kwao, karibu na Chepilat, kuna shule mbili za serikali, na barabara katikati. Shule ya juu ilijaa Wakipsigis. Shule ya chini ilikuwa ya Wakisii. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Watu walizoea tu, hasa baada ya fujo za kikabila za miaka ile. Sasa chifu alikuwa ametangaza kwamba mipaka ya shule imechorwa upya. Kila shule ingechukua watoto wa pande zote mbili za barabara. Nyumba ya Tecla iliangukia shule ya chini.

"Haendi," Tecla alimwambia mumewe, Weldon. "Nitampeleka Kiptere akae na mama yangu. Mtoto kukaa na nyanya yake si jambo geni kwetu."

"Si geni," Weldon alisema polepole. "Lakini kwa desturi nyanya ndiye huomba mtoto. Mama yako hajaomba. Wewe unamficha tu."

Ukweli unauma, jamani. Tecla alibeba kikapu chake akatoka.

Kwenye kituo cha kupimia majani, karani alimrudishia mzigo auchambue. Mongina aliketi kando yake, akaanza kumsaidia bila kuombwa. Mongina ni mama Mkisii wa ng'ambo ya barabara. Yuko kwenye bodi ya shule ya chini.

"Nasikia Chelimo anaenda Kiptere," alisema.

"Kule kwenu ataelewa nini, mama? Watoto wanaongea Kikisii. Na yeye hata nyumbani haongei sana."

"Gredi ya kwanza watafundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu wamechanganyika. Na hatakuwa peke yake. Karibu nusu ya darasa watatoka huku kwenu."

"Kwa nini msituache tu tulivyokuwa?"

"Shule ya juu watoto wanabanana, mwalimu hafiki nyuma ya darasa. Kwetu madawati yanakaa bure. Aliye na ndugu kule juu anaweza kuomba wasitenganishwe. Wengine wanaenda walikopangiwa."

Tecla alitupa jani gumu kando. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na fujo zikirudi?"

Mongina aliacha kuchambua. "Mwaka ule wa fujo nilikuwa sijui jina la mtu hata mmoja upande wenu. Ndiyo maana niliwaogopa nyote. Wewe je?"

"Mimi pia."

"Basi njoo kesho uone darasa. Ukikataa baada ya kuona, mpeleke Kiptere. Sitakulaumu."

Kesho yake Tecla alienda na Chelimo kuona darasa. Mwalimu Phelis alipiga magoti, akamsalimia Chelimo kwa Kikipsigis kilichovunjika vibaya sana. Chelimo alicheka. Tecla alikuwa bado na hofu, lakini alimwandikisha.

Wiki ya kwanza Chelimo alilia kila asubuhi. Tecla naye alilia, nyuma ya zizi, asionekane. Baadaye kilio kikaisha, na mtoto akawa anatangulia mbele njiani.

Muhula wa pili Chelimo alishikwa na homa, akakosa shule. Jioni moja Tecla alisikia watu langoni. Walikuwa watoto, kundi zima, viatu vimejaa matope. Wengine walikuwa wa huku. Wengine walikuwa wa kule ng'ambo, na tangu aolewe hapo, Tecla hakuwahi kuona mtoto wa kule akisimama kwenye lango lake.

"Nyinyi ni watoto wa nani?" aliuliza.

Wakatazamana, wakaona haya. Kabla hawajajibu, sauti ikatoka ndani, kitandani, ya yule mtoto asiyeongea sana.

"Ni wangu, mama. Wafungulie."

Tecla akafungua lango, machozi yakimlengalenga, akaenda kuwawekea chai.