Bundi wa Kwa Jirani

Kila aliyempigia Ayesha simu kuripoti bundi alisema kamwona kwa jirani. Hakuna hata mmoja aliyesema yuko kwake. Kazi ya Ayesha ilikuwa kukusanya habari za bundi kutoka vijiji vya Matungu na kuwapelekea watafiti wa msitu kule Isecheno, na ripoti hizi zilimtia shaka, maana huyo jirani alikuwa yule yule kila mara: Zeituni, mjane asiye na mtoto wala wa kumtetea.

Na vijana walishaanza kuulizana petroli ya kumchomea mchawi mwenye bundi. Naibu wa chifu akaitisha baraza alasiri, Ayesha aje aseme bundi yuko wapi.

Asubuhi alikwenda kujionea. Bundi akizoea mahali huacha kinyesi cheupe na mifupa ya panya aliyoitapika. Kwa Zeituni paa lilikuwa safi, ukuta safi.

"Mimi sijamwona, mwanangu," Zeituni alinong'ona. "Lakini nani atakubali yuko kwake?"

Ayesha akavuka ua hadi kwa Patroba, aliyekuwa wa kwanza kupiga simu. Huko mabati yalikuwa yamekwaruzwa ovyo na ukuta una michirizi myeupe.

"Patroba, bundi alikuwa hapa hapa."

Patroba alitazama juu kwanza, kisha akashusha sauti. "Hiyo si bundi. Ilikuwa inakaa hapo mchana, inaangalia mtoto wangu mpaka akashikwa na homa. Vile nilikuambia iko kwa Zeituni, ikatoka na homa yake. Hawa wote wamefanya hivyo. Hata wewe utasema tu."

"Mungu apishe mbali! Mimi nitasema ukweli."

Aliondoka amekasirika, akipanga maneno ya barazani. Lakini alipokaribia kwake alipokewa na harufu ya ubani, na hakuna aliyefukiza ubani nyumbani mwake, na kuku walikuwa wamejibana kimya chini ya ghala, na juu ya bati, katika jua kali la saa saba, alikaa bundi mkubwa asiye na kivuli, amegeuza kichwa mpaka mgongoni kama bundi yeyote, ila uso ule ulikuwa na nyusi na midomo, na midomo ilikuwa ikitamka polepole, kwa sauti ya Ayesha mwenyewe, jina la binti yake mchanga aliyelala chini ya paa lile.

Alimnyakua mtoto kitandani. Alikuwa anawaka kwa homa.

Barazani Zeituni alikaa mbele, ametulia kabisa, kwa kuwa Ayesha alishaliona paa lake.

"Haya, Ayesha," alisema naibu wa chifu. "Wewe ndio unajuanga mambo ya hizi ndege. Bundi iko kwa nani?"

Shingo ya mtoto aliyempakata ilimchoma kifuani.

"Kwa Zeituni," alisema.

Hata kabla vijana hawajainuka, homa ilishamtoka mtoto. Ayesha alilia kwa furaha, akauficha uso wake kwenye shuka la mtoto, na hakuuinua mpaka Zeituni alipoacha kumwita.