Kuitikia Mbele ya Kisu

Obiero, mkewe Nekesa na mtoto wao Mitchell wanakaa Kiuu, Ruiru, katika ploti ya vyumba vya kukodi. Obiero anafanya kazi katika kiwanda cha tambi upande wa Thika. Nekesa anauza mboga mbele ya ploti. Jioni Nekesa hukata sukuma wiki, naye Obiero humenya vitunguu. Machozi yakimtoka, mama mboga wa pili humcheka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Baba Mitchell," Nekesa aliuliza jioni moja, "ile mashine mpya ilifika?"

"Ilifika kutoka Italia. Imekuja na fundi wake. Anaitwa Renzo."

"Na anawafundisha kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Lakini ni Kiingereza yake."

"Leo amewafundisha nini?"

"Kisu. Kuna kisu ndani, ndio inakata tambi."

"Na hiyo kisu inalala lini, ndio mtu aweke mkono?"

Obiero aliendelea kumenya kitunguu. "Hapo sikushika vizuri."

"Ukamwambia hujashika?"

"Nilimwambia yes."

Nekesa aliacha kukata mboga. "Nyinyi wote mlisema yes?"

"Wote. Mtu ametoka mbali hivyo, utamsumbua aje?"

Mimi ninayeandika hadithi hii hufundisha watu wazima, na hiyo "yes" ninaijua sana. Ni yes ya heshima. Mgeni akisema, unaitikia. Mkubwa akisema, unaitikia. Na kama hujaelewa kabisa, unaitikia kwa nguvu zaidi. Sisi huiita adabu.

Kisu cha mashine hiyo hakishuki kila wakati. Hutulia, hungoja tambi zifike, kisha hushuka. Kesho yake unga ulikwama. Fahim, rafiki yake Obiero, aliona kisu kimetulia. Akavaa glavu, akaingiza mkono ndani.

Renzo alipiga kelele kwa Kiitaliano. Akaruka, akabonyeza kitufe cha kuzima. Ncha ya glavu ilikatika, lakini vidole vya Fahim vilipona. Ilikuwa bahati tu.

Renzo alimpigia simu msimamizi wao, Njau. "If I did not stop, Fahim lost the hand!" alisema. Alitaka kusema kwamba asingezima mashine, Fahim angepoteza mkono. Lakini Njau alisikia kwamba Fahim amepoteza mkono. Akaja mbio na sanduku la huduma ya kwanza, akapiga magoti, akaanza kutafuta chini ya mashine.

Fahim alikuwa amesimama nyuma yake, mzima.

"Unatafuta nini, boss?"

"Mkono yako!"

"Si niko nayo."

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Njau aliinuka, akapangusa magoti.

"Hii mashine haiwashwi tena mpaka msikizane na huyu fundi," alisema. "Mimi sitaki kupelekea mama ya mtu glavu."

Jioni hiyo Obiero alimweleza mkewe habari yote. Alipofika mahali pa Njau kupiga magoti, alitarajia Nekesa acheke. Nekesa hakucheka. Alichukua mkono wa mumewe akautazama, huku na huku.

"Siku nyingine itakuwa huu," alisema. "Naogopa, Baba Mitchell. Mpeleke huyo fundi kwa Mwalimu Katunge. Na wewe ukae hapo usikize."

Mwalimu Katunge ni jirani yao. Alifundisha Kiingereza huko Ngoliba mpaka akastaafu. Sasa, kama mimi, anafundisha ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Ni mpole, lakini ukimdanganya anajua.

Jumamosi mchana Obiero alimleta Renzo. Mwalimu aliwakaribisha barazani kwake. Alikuwa amewasha jiko la makaa, na juu yake kulikuwa na sufuria ya maziwa ya chai. Yeye na Renzo walizungumza Kiingereza, nami nitaandika mengi ya maneno yao kwa Kiswahili.

"Shida yako ni neno 'if'," alisema Mwalimu. "Tutumie haya maziwa. Kuna jambo la kweli siku zote. 'If milk boils, it rises.' Maziwa yakichemka, hupanda. Hapo hakuna 'will' upande wowote. Maneno ya mashine husemwa hivyo, kwa sababu mashine haibadilishi tabia."

Renzo aliitikia.

"Sasa kuna jambo linaloweza kutokea leo. 'If it rises, I will remove it.' Yakipanda, nitayaondoa. Jaribu."

"If it will rise, I will remove it," alisema Renzo.

"Hapana. Kwa Kiitaliano mnaweza kuweka wakati ujao pande zote mbili, sivyo?"

"Ndiyo, ni kawaida kwetu."

"Kiingereza hakitaki. Upande wa 'if' usiweke 'will'. Na usimcheke Obiero, yeye pia ana lake. Sisi tunasema, ningekuwa na ng'ombe, nisingenunua maziwa. Tunaweka 'nge' huku na huku. Kwa hivyo Obiero akisema Kiingereza, anaweka 'would' huku na huku."

Obiero alitazama viatu vyake.

"'If I had a cow, I would not buy milk,'" Mwalimu aliendelea. "Ng'ombe sina. Ninawaza tu. 'Would' imekaa upande mmoja, na upande wenyewe si ule wa 'if'. Tumeelewana?"

"Yes, yes," alisema Renzo. Obiero naye aliitikia kwa kichwa.

Wakati huo mtu aliita langoni. Alitaka ufunguo wa ukumbi wa kanisa. Mwalimu aliinuka, na huku akienda aliwaambia kwa Kiingereza cha haraka kwamba maziwa yakipanda wayaondoe. Wanaume wote wawili waliitikia.

Maziwa yakapanda. Renzo aliyatazama. Obiero aliyatazama. Yakafika ukingoni, yakamwagika, na harufu ya kuungua ikajaa barazani.

Mwalimu alirudi mbio, akaepua sufuria kwa kitambaa.

"Niliwaambia nini?"

Obiero alimtazama Renzo, Renzo akamtazama Obiero.

"Renzo, nimeuliza. Niliwaambia nini?"

"Sijui," alisema Renzo. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Ulisema haraka. Wewe ni mwalimu. Niliona aibu kukuuliza tena."

"Na wewe, Obiero?"

Obiero alianza kucheka, kisha akaacha. "Mimi pia niliitikia tu, Mwalimu. Hata kwa kisu niliitikia tu. Sisi wote."

Mwalimu alimweleza Renzo maneno hayo. Renzo alimgeukia Obiero.

"Hamkuelewa? Lakini niliwauliza, nanyi mkanijibu!" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi sikuelewa mlivyojibu. Nilisema yes."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya maziwa.

"Kwa hivyo mmekuwa mkiitikiana juu ya kisu," alisema.

Akawaonyesha sufuria iliyoungua.

"Haya. Haya maziwa yaliyomwagika yatufundishe jambo la mwisho. 'If you had asked me, the milk would not have spilled.' Mngeniuliza, maziwa hayangemwagika. Hili ni jambo lililopita. Huwezi kulirudisha. Ni sentensi nzuri, lakini huko kiwandani sitaki mfike kwa hiyo. Hiyo husemwa na watu wanaongoja nje ya wodi."

Kisha akawapa sheria. Kuanzia siku hiyo, yes peke yake si jibu. Mtu akiambiwa jambo la mashine, aseme alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Asiposhika, aseme hajashika, aambiwe tena.

"Obiero, hebu sema."

Obiero ni mtu mzima mwenye mke na mtoto, lakini maneno hayo yalimkwama.

"Sija... sijashika. Rudia."

"Sema usikike."

"Sijashika! Rudia!"

Watoto wa ploti walichungulia kuona ni nani anagombana na Mwalimu.

Jumatatu Njau aliwakusanya wafanyakazi mbele ya mashine. Renzo alionyesha taa nyekundu iliyo ubavuni mwa mashine. Alisema polepole, bila "will" wala "would".

"If the red light is on, the knife moves. If the red light is off, the knife does not move."

Kila mmoja alisema alichosikia, naye Njau akawa anamtafsiria Renzo. Fahim alisema wa mwisho.

"Taa nyekundu ikiwa inawaka, kisu iko na nguvu. Ikizima, kisu imekufa, naweza toa unga."

"Very good," alisema Renzo.

Unga uliokwama siku ile ulikuwa bado umeganda ndani. Stima ya mashine ilikuwa imerudishwa asubuhi hiyo, lakini taa ilikuwa imezima. Fahim alivaa glavu mpya, akasogea karibu.

"Clear?" Renzo aliuliza.

Wengine walikuwa tayari kuitikia. Obiero pia alitaka kuitikia. Maneno yote alikuwa ameyasikia vizuri, na alikuwa ameyasema mwenyewe. Lakini pale kwao Kiuu, balbu ya koridoni huzima na stima ikiwa bado ipo. Jambo hilo lilimsumbua. Mgeni alikuwa anamtazama, msimamizi alikuwa anamtazama.

"Sijashika," alisema Obiero. "If the bulb dies? Balbu ikiungua, tutajuaje?"

Renzo aliinua macho kuitazama ile taa. Alimwambia Fahim arudi nyuma. Alichukua donge la unga, akalisukuma kwa fimbo ndefu mpaka chini ya kisu. Taa haikuwaka.

Kisu kilishuka.

Donge lilikatika vipande viwili. Renzo alivitazama, kisha akakaa juu ya gunia la unga. Balbu ilikuwa imeungua, na hata yeye hakujua.

Tangu siku hiyo hawaamini taa peke yake. Unga ukikwama, kwanza huzima swichi kubwa ya ukutani na kuifunga kwa kufuli. Ufunguo huwekwa mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono. Halafu yeye husema kwa sauti alichofanya, na mwenzake hukagua. Kazi inachelewa kidogo, na Njau hulalamika kidogo. Hakuna aliyeumia.

Siku ya Renzo kurudi kwao, walimfanyia chai kiwandani. Nekesa alileta chapati. Mwalimu Katunge alialikwa pia. Renzo alisimama ili awaage. Alitafuta maneno yake moja moja.

"If Obiero had said yes," alisema, "Fahim would have lost his hand."

Safari hii Njau hakukimbilia sanduku. Mwalimu Katunge aliinamia kikombe chake, machozi yakimlengalenga.

Fahim aliacha kula.

"Sijashika," alisema. "Rudia."

Renzo alirudia sentensi yote, polepole. Fahim alingoja mpaka mwisho, kisha akasema alichosikia.

"Obiero angesema yes, mimi singekuwa na huu mkono."

Akaupangusa mafuta ya chapati kwenye suruali, akamnyooshea Obiero.